Miezi mitatu ya dawa kwa mgonjwa wa kisiwani

Kwenye maongezi ya kliniki za presha na sukari huku Lamu, lawama moja haikosi: watu wa visiwani wanaacha dawa. Kadi ina tarehe, mwenyewe hakutokea. Akija wiki tatu baadaye presha iko juu, anaambiwa hajali. Anayesema hivyo, nadhani, hajawahi kupanga safari kwa kufuata maji.

Mtu wa Siyu au Kizingitini, kisiwani Pate, akikosa dawa karibu na kwao hupanda boti kuja Lamu mjini, na boti za Pate hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa mikoko kati ya Manda na bara. Maji yakitoka pale hapapitiki, kwa hiyo nahodha anafuata bamvua na maji mafu, yaani maji makubwa na madogo, hafuati saa za famasi. Mgonjwa anafika dirishani, anaambiwa, "Bibi, amlodipini ya presha imekwisha, jaribu wiki ijayo." Boti ya kurudi nayo imeshaondoka. Atalala kwa jamaa, au atanunua duka la dawa kwa pesa ya nauli. Msimu wa upepo wa kusi, bahari ikichafuka, wa Kiwayu na Kiunga ndio taabani kabisa. Yote hayo kwa vidonge 30 vya mwezi mmoja.

Ndipo linapokuja pendekezo ambalo wengine wanaliona la kudeka: mgonjwa ambaye presha yake imetulia apewe dawa za miezi mitatu kwa mkupuo. Si jambo geni. Wanaoishi na VVU walio imara hupewa hivyo hapa Kenya, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unasema aliyedhibiti presha anaweza kuonwa kila baada ya miezi 3 hadi 6.

Wanaopinga wana hoja, na nyingi zinatoka kwa wafamasia wenyewe, watu wanaotukanwa dirishani kwa kosa la mwingine. Dawa za VVU kwa miaka mingi zimebebwa na wafadhili. Za presha hununuliwa na kaunti, na kaunti kwa jumla zinadaiwa mabilioni ya shilingi na KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa. Ukimpa mmoja za miezi mitatu, wa nyuma yake akikosa utamwambia nini? Tena vidonge vikishafika nyumbani havirudi: daktari akibadilisha dawa, zile za zamani zinabaki kabatini, au jirani anaziomba kwa sababu "hata mimi nina presha."

Ila hoja ya uhaba ipigiwe hesabu. Tuseme kituo kina wagonjwa 60, kila mmoja kidonge kimoja kwa siku. Kwa mwezi ni vidonge 1,800. Ukiwahamisha wote siku moja, utahitaji 5,400 papo hapo, na hapo mfamasia ana haki ya kushika kichwa. Lakini hamisha 20 kila mwezi: mwezi wa kwanza utatoa 3,000, wa pili 2,400, wa tatu 1,800, na kuanzia hapo ni 1,800 daima. Jumla ya nyongeza ni vidonge 1,800, yaani akiba ya mwezi mmoja, mara moja tu. Dawa inayomezwa kwa mwaka ni ileile. Kilichohama ni ghala, kutoka kituoni hadi kwa mgonjwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kile ambacho hesabu ya ghala haikioni. Mama anayejua boti haina uhakika haachi dawa, anaibania. Anameza siku moja, anaruka moja, au anakata kidonge kwa wembe. Akifika kliniki kipimo kiko juu, na kwa kuwa ameshaitwa mzembe mara moja, hasemi. Daktari anaona dawa imeshindwa, anaongeza ya pili. Sasa ana dawa mbili za kuwinda badala ya moja, na mwezi atakaozipata zote na kuzimeza kama alivyoandikiwa, presha inaweza kushuka hadi akaanguka uani. Huyo ataandikwa vipi kwenye ripoti? Si kama mtu aliyekosa boti.

Wanaopinga wanasema bila kuja kila mwezi mgonjwa hatapimwa. Lakini wahudumu wa afya wa jamii waliozinduliwa Septemba 2023 walipewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na sukari. Mhudumu wa kijijini akipima na kuandika, safari ya mjini inabaki ya dawa na daktari, na kijijini ni rahisi zaidi kuulizwa, "Shangazi, unameza kila siku kweli?" na kujibiwa ukweli.

Insulini siiingizi humu. Isiyofunguliwa inataka nyuzi 2 hadi 8, na nyumba isiyo na friji haiwezi kuiweka miezi mitatu. Wala sizungumzii vidonge vinavyomwagwa kutoka kopo kubwa hadi bahasha ya kaki. Kwa unyevu wa huku vitaharibika. Viende vikiwa kwenye karatasi zake za kiwandani, bila kukatwa kwa mkasi mpaka tarehe ya kuisha ikapotea, kama inavyofanyika mara nyingi.

Uamuzi si wa mfamasia wa dirishani. Ni wa anayeandika oda ya kaunti. Akiongeza ule mwezi mmoja kwenye oda ijayo, wa kwanza 20 watoke Kiunga, Kiwayu na Ndau. Sisi wa Lamu mjini, tunaofika kwa miguu, tunaweza kungoja.