Taa ya dagaa, gundi nyeusi na hesabu ya hataza

Usiku wa giza, ukipanda kilimani hapa Kigoma ukatazama Ziwa Tanganyika, utadhani kuna mji wa pili umejengwa juu ya maji. Ni taa za wavuvi wa dagaa. Zamani zilikuwa karabai: unapiga pampu, unanunua mafuta ya taa, unaomba tone la maji lisiruke kwenye kioo cha moto kikapasuka. Siku hizi nyingi ni taa za LED zinazokula betri ya gari au ya pikipiki, na si haba zilizounganishwa na mafundi wetu wenyewe wa maeneo ya Mwanga, Ujiji na Kibirizi.

Kuna fundi mmoja Mwanga ambaye taa yake ina jambo la ziada. Wavuvi wanajua kwamba dagaa wakishajaa chini ya mwanga huzimi taa ghafla. Unaupunguza taratibu, wanabanana pamoja, ndipo unainua wavu. Kwa karabai kazi hiyo ilitaka mkono uliozoea. Taa ya fundi huyu unaibonyeza mara moja, inafifia yenyewe, polepole, na wakati huo betri inapumua. Niliiona mezani kwake: vipande vya LED vimebanwa kwenye bati la alumini, waya mbili, swichi yenye kofia ya mpira, na katikati kitu cheusi kama kipande cha mkaa. Saketi yenyewe imo humo. Ameizamisha kwenye gundi ile ya kuchanganya mirija miwili, ikakauka ikawa jiwe.

"Kaka, wakiiona tu, kesho iko Kibirizi kwa nusu bei," aliniambia.

Ushauri anaopewa kila anayemsikia ni ule ule: nenda BRELA, wakala wa serikali wa usajili, kasajili hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine wasiige ulichobuni. Tangu mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, yaanze mwaka 2019, wimbo huo tunausikia redioni, kwenye semina, hata kwenye mabanda ya Nane Nane kule Tabora. Kijana mbunifu, linda ubunifu wako. Sina ugomvi na nia yake. Ila nimeitazama taa ile na historia ya vilivyomo ndani yake, na sioni kama jibu ni jepesi hivyo.

Tuanze na mwanga wenyewe. LED nyekundu inayoonekana kwa macho ilionyeshwa na Nick Holonyak wa General Electric, Marekani, mwaka 1962. Kijani kikafuata. Buluu ikagoma kwa miaka 30 hivi, na bila buluu hakuna mweupe, kwa hiyo hakuna taa ya kumulika chochote, sembuse ziwa. Profesa Isamu Akasaki na mwanafunzi wake Hiroshi Amano, kule Nagoya, Japani, walifungua njia mwishoni mwa miaka ya 1980. Aliyeifikisha kwenye bidhaa ni Shuji Nakamura, mwajiriwa wa Nichia, kampuni ya mji mdogo wa Anan iliyokuwa ikijulikana kwa kutengeneza unga wa kung'arisha vioo vya televisheni na taa za mirija. Novemba 1993 kampuni hiyo ikatangaza LED ya buluu yenye mwanga mkali. Miaka michache baadaye wakaifunika chipu ya buluu kwa unga wa njano wa aina waliyokuwa wakiifahamu tangu zamani, buluu na njano vikachanganyika, macho yakaona mweupe. Ukiichungulia LED yoyote nyeupe ya dukani Mwanga kabla hujaiwasha, ile rangi ya njano kama kiini cha yai ndiyo huo unga.

Vyote hivi viliwekewa hataza, na Nichia ilizilinda kama simba jike. Kwa miaka kadhaa haikutaka kumpa mtu kibali. Ikagombana mahakamani na Toyoda Gosei, kampuni iliyofanya kazi na Profesa Akasaki, na ikavutana na wengine wa Marekani na Ujerumani, mpaka mwaka 2002 walipoanza kupatana na kuruhusiana kutumia hataza za kila upande.

Anayetetea hataza atasema: umeona? Kampuni ya mji mdogo ilisimama mbele ya majitu. Bila ile karatasi, kampuni kubwa ingenunua LED moja, ingeifungua maabara, na mwaka mmoja baadaye Anan ingebaki na madeni. Nani angempa tena mhandisi fedha za kuhangaika miaka na jambo ambalo wengi walisema haliwezekani? Hoja hii ina uzito. Wanaoibeza mara nyingi hawajawahi kuweka fedha zao kwenye jambo lisilo na hakika.

Lakini muulize Nakamura mwenyewe. Kwa hataza ile iliyokuwa kiini cha kazi yake kampuni ilimpa yeni 20,000, fedha ya kununulia viatu vizuri na chakula cha jioni. Aliondoka, akaishitaki. Januari 2004 mahakama ya Tokyo ikaamuru alipwe yeni bilioni 20. Kampuni ikakata rufaa, na mwaka uliofuata wakamalizana kwa yeni milioni 840 hivi. Mwaka 2014 akapokea Tuzo ya Nobeli ya fizikia pamoja na Akasaki na Amano. Ninapowasikia wenye semina wakisema hataza inamlinda mgunduzi, hukumbuka yeni 20,000. Hataza humlinda mwenye hataza. Mgunduzi akiwa mwajiriwa, mara nyingi mwenye hataza ni mwingine. Vijana wetu wanaoajiriwa kwenye kampuni za simu na programu wangesomeshwa mkataba wa ajira kabla ya kusomeshwa fomu ya hataza.

Sasa njoo kwenye kile kipande cheusi. Fundi hakunifungulia, ila alikubali kunitajia kilichomo: vipinga vichache, kapasita (kidude kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi), transista moja nene, na chipu ya miguu minane ambayo kila aliyepita chuo cha ufundi wa elektroniki ameigusa, 555. Chipu hii huwasha na kuzima LED kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata. Ukipunguza muda wa kuwaka, mwanga unafifia. Aliibuni Hans Camenzind, Mswisi aliyehamia Marekani, mwaka 1971, akifanya kazi ya mkataba kwa kampuni ya Signetics.

Haikuwekewa hataza. Camenzind alikuja kueleza sababu: kampuni ilihofu kwamba ikimshitaki jirani, jirani naye atakuja na rundo la hataza zake nene kama kitabu cha simu cha mji mkubwa, aseme haya, tutafute humu ni zipi mnazovunja nyinyi. Ndani ya mwaka washindani walikuwa wakiitengeneza, na hakuna aliyeshitakiwa. Matokeo yake 555 ilienea kama kumbikumbi. Zaidi ya nusu karne sasa ingali inatengenezwa na viwanda vingi, na bei yake hapa ni ya pipi.

Kwa hiyo ndani ya taa moja ya dagaa vinakaa watoto wawili waliolelewa kinyume: mmoja alifungiwa ndani, mwingine aliachwa azurure mtaani. Wote wamefika Kigoma. Tofauti ni muda na bei. LED nyeupe iliwachukua wavuvi wetu miaka mingi kuimudu, na hataza haikuwa sababu pekee, kwani hata mashine za kuitengenezea zilikuwa ghali. Lakini sitajifanya kwamba kuminywa kwa vibali hakukuchangia.

Kuna wanaowaita mafundi wa aina hii wezi wa teknolojia. Hilo ni kosa, na kosa la kisheria. Hataza ina mipaka kama shamba. Iliyosajiliwa Japani au Marekani haina nguvu Tanzania isiposajiliwa na kwetu, ama BRELA moja kwa moja ama kupitia ARIPO, shirika la kanda lenye makao Harare. Tena ina umri. Makubaliano ya Shirika la Biashara Duniani yanataka hataza idumu miaka 20 tangu ombi lilipopelekwa, na nchi maskini zaidi, Tanzania ikiwamo, zimepewa msamaha wa kutotekeleza sehemu kubwa ya makubaliano hayo hadi 1 Julai 2034. Maombi ya mwanzo ya LED ya buluu ni ya miaka ya 1990 mwanzoni. Hesabu mwenyewe. (Simu ya mfukoni mwako ni habari nyingine. Humo malipo ya hataza za akina Qualcomm, Nokia na Ericsson kwa kawaida hudaiwa kwa mtengenezaji, na huwa yamo kwenye bei kabla simu haijapakiwa melini.)

Turudi kwa fundi wetu. Je, asajili?

Sheria inauliza mambo matatu: ni kipya, kina hatua ya ubunifu ambayo fundi wa kawaida asingeifikia hivi hivi, na kinaweza kutengenezwa kikatumika. La tatu hana tabu nalo, dagaa ni mashahidi. La kwanza linampa shida, maana upya hupimwa dunia nzima, si Mwanga tu, na taa za uvuvi zinazopunguzwa mwanga zipo kwa wenzetu wenye bahari. Tena ameshaziuza, kwa kawaida kitu kilichokwisha kuanikwa sokoni hakihesabiwi kuwa kipya. La pili ndilo linalonifanya nitikise kichwa. Kupunguza mwanga wa LED kwa 555 kumo kwenye vitabu vya wanaoanza. Chake ni kuujua mwendo wa dagaa na kuutafsiri kuwa muda wa kapasita. Mimi naona huo ni ubunifu hasa. Mkaguzi wa hataza huenda asione hivyo. Sheria yetu ina hati ndogo kwa ubunifu usiofikia kimo cha hataza, na kama angeniuliza kabla hajauza taa ya kwanza ningemwelekeza huko.

Tuseme amepata. Ada atalipa kila mwaka, na wa Kibirizi akiiga, serikali haimkamati mwigaji kwa niaba yake. Atafute wakili, afungue kesi, aache meza yake. Na ziwa hili lina nchi nne. Hati ya Tanzania haivuki maji. Zambia imo ARIPO, angeweza kuitaja kwenye ombi moja. Burundi na Kongo kila moja ina ofisi yake na sheria yake. Mfanyabiashara wa Rumonge, Burundi, akiinunua taa Jumatatu akaiga Ijumaa, hajavunja chochote cha kwetu.

Ukiishia hapo utasema basi, gundi inatosha. Haina fomu, haina ada, haijui mipaka ya nchi.

Mimi nilikuwa karibu kuafiki mpaka alipoingia mvuvi na taa mkononi, mtu mzima, amevaa koti la mvua. Waya umekatika pale unapoingia kwenye gundi. Shida ya kuchomelea kwa dakika mbili. Fundi akaigeuza, akaikwangua kwa bisibisi, akaiweka chini. "Mzee, hii haifunguki. Nitakupa nyingine, uongezee kidogo." Mzee akamtazama. "Mwanangu, karabai ilikuwa ikiharibika naitengeneza palepale ziwani." Akatoa fedha, ila hakuficha alichofikiri.

Hiyo ndiyo gharama ambayo wanaosifu siri hawaihesabu. Hataza, pamoja na ubaya wake wote, ni mapatano: wewe unaeleza kitu chako chote, na michoro yake, dunia isome, serikali inakupa haki ya kuwazuia wengine kwa muda, muda ukiisha kinakuwa cha wote. Gundi haina muda. Fundi huyu akihama kesho, au akiugua, ujuzi wa kuzififisha taa kwa mwendo wa dagaa wa Tanganyika unaondoka naye, na Kibirizi wataanza upya kuvunja mawe meusi kwa nyundo.

Kwa hiyo ningekuwa na sauti SIDO, shirika la viwanda vidogo, au VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, hapa Kigoma, nisingeanza na semina ya kusajili. Ningeanza na ya kusoma. Hataza zilizokwisha muda wake ziko wazi mtandaoni, bure, kwa mamilioni: transista, chaja, antena, inveta, saketi za kuokoa betri. Tatizo ni kwamba nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, tena cha mawakili, na fundi anayeweza kubuni saketi kwa kichwa hukwama kwenye ukurasa wa kwanza. Mtu mmoja mwenye kompyuta anayeweza kuzisoma na kuzieleza kwa Kiswahili angewafaa mafundi kuliko mabango yote ya "linda ubunifu wako". Angewaonyesha pia, kabla hawajatoa shilingi, kama walichobuni kimeshabuniwa.

Nilijaribu hilo palepale. Nikamfungulia kwenye simu hataza ya zamani ya taa nyeupe, tukapita michoro tu. Alipofika kwenye chipu iliyofunikwa kwa tabaka la unga alikuza picha kwa vidole, akachukua LED moja mezani, akailinganisha. "Kumbe ni kikombe," alisema. "Na huku nyuma ndiko joto linakotokea. Ndiyo maana zangu zinaungua, bati langu jembamba." Akaandika kitu nyuma ya risiti.

Halafu akaigeuza simu juu chini, akaminya mirija miwili kwenye kipande cha boksi, na kuanza kukoroga gundi ya taa inayofuata.