Baraza la Rutherford na reli ya kaskazini: hukumu iliyosahau ardhi

Baraza la kwanza la mawaziri la jimbo la Alberta, Kanada, likitajwa tu, watu hukimbilia kashfa ya dhamana ya reli ya kaskazini, Alberta and Great Waterways, iliyomwondoa madarakani Waziri Mkuu wa jimbo, Alexander Rutherford, Mei 1910. Kashfa ilikuwepo. Lakini wasimulizi wengi huanzia mwaka 1909 na kuyaruka masharti ambayo Alberta ilizaliwa nayo mwaka 1905. Bila masharti hayo, saini ya mawaziri wale kwenye dhamana ya reli hiyo haieleweki.

Jimbo lilipoundwa, serikali kuu ya Ottawa ilibaki na ardhi ya umma na madini yake, ikawa inalilipa ruzuku ya fidia iliyoanzia dola 375,000 kwa mwaka. Mwaka 1881, Ottawa hiyohiyo ilipotaka reli ya Canadian Pacific ifike pwani ya magharibi, iliwapa wajenzi dola milioni 25 pamoja na ekari milioni 25. Rutherford hakuwa na ekari ya kumpa yeyote. Walowezi walikuwa wakimiminika, kila wilaya ikilia reli, na alichoweza kutoa ni jina la jimbo tu: kudhamini hatifungani, yaani hati za mkopo, za kampuni ili wakopeshaji wa London wafungue mikoba. Ardhi na madini havikuja mikononi mwa Alberta hadi 1930. Kwa robo karne, baraza lolote lililotaka reli lilisukumwa kwenye dhamana, liwe safi au chafu.

Tena baraza lenyewe lilianza na watu watano tu. Ndani ya miaka mitano walianzisha chuo kikuu, kilichofungua masomo mwaka 1908 kikiwa na wanafunzi 45, na mwaka huohuo wakainunua mitambo ya simu ya kampuni ya Bell kwa dola 675,000. Hawa si watu waliolala.

Upande wa pili una hoja nzito. Dhamana ya Alberta and Great Waterways ilikuwa dola 20,000 kwa kila maili, kwa maili 350, na dola 400,000 za vituo vya mwisho. Jumla ni dola milioni 7.4, kwa riba ya asilimia 5. Hatifungani zilitolewa kwa thamani ileile iliyoandikwa juu yake, kisha zikauzwa London kwa 110 kwa kila 100. Piga hesabu: tofauti ni kama dola 740,000, zaidi ya gharama yote ya simu za Bell, na faida hiyo haikuingia hazina ya jimbo. William Cushing, waziri wa kazi za umma, alijiuzulu Februari 1910 akilalamika kwamba mkataba ulimpita pembeni. Hata kama alikitamani kiti cha mkubwa wake, lalamiko lake halipungui uzito.

Hapo ndipo ninapoliona kosa hasa la Rutherford. Mwaka 1909 alijipa wizara ya reli huku bado anashika hazina na elimu. Mtunza fedha aliyepaswa kuhoji dhamana akawa ndiye waziri anayeiomba. Tume ya majaji iliyouchunguza mkataba huo haikuthibitisha kwamba alitia chochote mfukoni, ingawa majaji walio wengi walimlaumu vikali kwa uamuzi wake. Na pesa za mauzo zilikuwa benki, zikisubiri kutolewa kadiri reli inavyojengwa.

Mrithi wake, Arthur Sifton, aliyekuwa jaji mkuu wa jimbo, alitunga sheria ya kuzichukua pesa hizo ziingie hazina. Mwaka 1913 Baraza la Faragha la Uingereza, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa Kanada, liliitangaza batili, kwa kuwa iligusa haki za wakopeshaji walio nje ya jimbo. Sifton, aliyeingia kusafisha nyumba, akaikabidhi reli hiyohiyo kwa mjenzi mwingine, J. D. McArthur, na mzigo wa dhamana ukabaki mabegani mwa Alberta.