Msuli wa Mjomba Ulivyochuja Nagoya

Mjomba wangu amelala hoteli nyingi katika hii biashara yetu ya magari yaliyotumika, na zote amezisema vibaya. Ya Dubai baridi. Ya Durban makelele. Mombasa alilala kwa shemeji yake, hakutoa hata senti, na bado akalalamika kwamba chai ililetwa imepoa. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba Nagoya, kule Japani, tutafikia hoteli ya wafanyakazi wa maofisini, zile za bei nafuu karibu na stesheni, alivuta pumzi akasema, "Mpwa wangu, umeamua kunizika."

Chumba kikampa hoja. Kilikuwa na mita za mraba 12 hivi, kitanda na meza vimo ndani yake. Begi likifunguliwa, mlango wa bafu haufunguki. Mlango wa bafu ukifunguliwa, mjomba hana pa kusimama. Akatandika msala wake ukaziba njia yote ya kutokea.

"Hiki ni chumba au sanduku?"

Mimi sasa, hoteli hizi nilikuwa nazisoma muda mrefu, mpaka dukani kwetu Ilala wenzangu wananikwepa. Nikamshika mkono nikampeleka bafuni. Nikamweleza kwamba bafu lile halikujengwa tofali kwa tofali, limeundwa kiwandani, sakafu, kuta na beseni, likaja kuunganishwa humo humo. Teknolojia hii ilipata kasi wakati wa maandalizi ya Olimpiki ya Tokyo ya 1964, hoteli ya New Otani ilipohitaji mabafu zaidi ya elfu moja na muda umewabana, ndipo kampuni ya Toto ikaja na mbinu hiyo.

"Kwa hiyo na mimi nioge haraka haraka?" akauliza mjomba, akanifungia mlango usoni.

Akakaa humo. Akakaa sana. Nikasikia maji, kimya, maji tena. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mpwa."

"Naam, mjomba."

"Kumbe kile kinachamba."

Hapa lazima nimtetee. Mzee wa Tanga, Mwislamu, anayesafiri nchi za watu, choo kwake ni mtihani. Ulaya amezunguka na chupa ya maji kwenye begi mpaka maofisa wa forodha wakamuuliza ni ya nini, na yeye akashindwa pa kuanzia. Leo hii, upande wa pili wa dunia, kabonyeza kitufe, na maji ya vuguvugu yamemfuata mwenyewe alipo.

"Toto walianza kuuza vyoo hivi vyao vya Washlet mwaka 1980, mjomba."

"1980!" Akakaa kitandani. "Mwaka 1980 sisi tunapanga foleni ya sabuni. Wenzetu choo kilikuwa kimeshasilimu."

Tangu hapo mjomba akawa mtu mwingine. Kule mapokezi kuna kaunta yenye miswaki, nyembe, vitana na vifuko vya chai, unachukua unachohitaji. Mjomba alihitaji sana. "Hivi vya shangazi yako. Hivi vya watoto wa madrasa." Nikamwambia watoto wa madrasa wananyolewa vipara, vitana vya nini. Akasema nywele huota.

Saa tatu na nusu usiku hoteli inagawa tambi za mchuzi bure. Mjomba akauliza mchuzi wa nini. Kijana wa mapokezi akatumia simu yake kutafsiri, akajibu ni soya na kuku. Mjomba akauliza kuku kachinjwa na nani. Kijana akaisoma ile tafsiri, akaisoma tena, kisha akainama na kuomba radhi kwa dhati kabisa kwamba mchinjaji hamfahamu. Tukaenda duka la saa ishirini na nne kununua wali wa kuviringisha wenye samaki ndani. Lakini njia nzima mjomba anasema, "Umemwona yule kijana? Ameumia kweli. Angekuwa na namba ya mchinjaji angempigia."

Ile nguo ya kulalia ndiyo ilinitoa jasho. Wanaiita yukata. Ni joho jepesi la pamba, halina vifungo, unalikunja mbele na kulifunga mshipi, na wageni wanazunguka nalo hotelini bila wasiwasi. Nikavaa, nikaingia kwenye lifti najiona mwenyeji. Mlikuwa na mzee mmoja wa Kijapani. Akanitazama kifuani, akatazama sakafu, akanitazama tena, halafu akashika ukosi wake mwenyewe na kuuvuta taratibu, kushoto juu ya kulia, kushoto juu ya kulia, mpaka nikaelewa. Upande wa kushoto ndio unaokaa juu. Ukiweka wa kulia juu, umevaa kama wanavyovikwa maiti.

Mjomba alicheka mpaka akashika ukuta. "Usijisumbue kubadili," akasema. "Umeshajivika sanda, kilichobaki ni watu wa kukubeba."

Sasa tuje kwenye bwawa.

Ghorofa ya juu kabisa kuna bwawa la kuogea la maji moto, wanaume kwao na wanawake kwao. Maji yake nyuzi 41 au 42. Unaanza kwa kukaa kwenye kigoda, unajisugua kwa sabuni na kujisuuza sawasawa, ndipo unaingia bwawani, kwa sababu mle si pa kuondoa uchafu, ni pa kukaa tu. Mjomba alikuwa na miguu imevimba kwa ndege na kwa kutembea uwanja wa mnada kutwa nzima. Kule gari linauzwa kwa sekunde chache tu, wakala wetu anabonyeza, mjomba anapiga kelele "Noah hiyo, Noah hiyo!", na Noah imeshakwenda. Nikamwambia dawa ya miguu iko juu, na ni bure.

"Wanaingia na nguo gani?"

"Hawaingii na nguo, mjomba."

Akanitazama muda mrefu. "Mimi na wewe. Mwana wa dada yangu. Tukae uchi kwenye beseni moja."

Nikajua suala limefungwa. Uchi wa mwanamume, kuanzia kitovuni hadi magotini, si kitu cha kuanika, na utani wa mjomba na mpwa una mipaka yake. Lakini miguu iliendelea kumuuma, na mimi niliendelea kulisifia lile bwawa, mpaka tukafika kwenye suluhu: tungekwenda saa tisa usiku ambapo hapana mtu, mimi nitangulie kuoga na kutoka, kisha yeye aingie na msuli wake kiunoni. Nilijua nguo haziruhusiwi majini. Hata picha ipo ukutani, mtu mwenye taulo amepigwa alama ya msalaba. Ila mjomba alisema ile picha inazungumzia taulo.

Msuli wenyewe ulikuwa mwekundu, mpya, kaununua Ngamiani siku za mwisho kabla ya safari. Haujawahi kufuliwa hata mara moja. Wanawake wanaosoma hapa wameshajua kinachofuata.

Mpango ulikwenda vizuri. Nikaoga, nikatoka, mjomba akapita na msuli wake na kitaulo kidogo begani. Nje ya vyumba vya kubadilishia nguo kuna viti vya kupumzikia na friji ya lambalamba za bure. Nikachukua ya maziwa, nikaketi. Akapita bwana mmoja mwenye miwani, nywele zimesimama, mtu ambaye kwa kumtazama tu ametoka kazini dakika chache zilizopita. Tukainamiana. Akaingia ndani.

Hazikupita dakika tatu akatoka mbio, taulo mkononi badala ya kiunoni, miwani imejaa mvuke. Hata hivyo aliponiona aliinama tena, kisha akaendelea kukimbia.

Nikafikiri labda mjomba amemsalimia kwa sauti.

Lifti ikafunguka. Wakatoka vijana wawili wa mapokezi, mmoja ndiye yule wa mchinjaji, wamebeba kile kisanduku cha mashine ya kushtua moyo kinachotundikwa ukutani. Nikasimama kuwauliza kuna nini. Kwa usingizi wa saa tisa, yukata nilikuwa nimeivaa tena kulia juu ya kushoto. Yule wa mbele alipopinda kona akakuta mtu mweusi mrefu, kavaa kimaiti, ananyonya lambalamba. Alitoa sauti ambayo sidhani wanafundishwa chuoni.

Nikawafuata ndani. Jamani.

Mjomba alikuwa ameegemea ukingo wa bwawa, kitaulo kimemfunika uso, mikono inaelea. Maji yote kumzunguka yalikuwa mekundu, na wekundu wenyewe ulizidi kuwa mzito kadiri ulivyomkaribia kiunoni. Siku zote mjomba hukoroma mpaka majirani wa Chumbageni wanajua amelala. Usiku ule, kwa utamu wa yale maji, hakukoroma.

Yule wa mchinjaji akapiga magoti kwenye maji na soksi zake, akamgusa bega. Mjomba akaondoa kitaulo, akaona nyuso mbili, nyaya na kisanduku kinachosema peke yake.

"Assalaam aleikum," akasema.

Kisha akasimama. Msuli umemganda mapajani, maji mekundu yanatiririka mpaka vidoleni, na vijana wakarudi nyuma wakitafuta kidonda kilipo. Mimi nikachutama, nikashika pindo la msuli, nikalikamua mbele yao. Ukatoka mchirizi. Nikakamua tena. Wote wawili, na yule bwana wa miwani aliyekuwa anachungulia mlangoni, wakatoa "Aaaa" moja ndefu. Halafu wakainama mpaka chini. Wanaomba radhi. Wametiwa rangi bwawa zima, wameamshwa, na radhi wanaomba wao!

Mjomba ni mtu wa adabu. Ukimwamkia huitika. Naye akainama, tena sana, kama alivyoona wanavyofanya wenyeji.

Fundo la msuli halikubuniwa kwa kuinama kiasi kile.

Nikageukia ukuta upesi. Nilichosikia ni kishindo cha nguo mbichi kikianguka majini, kikafuatiwa na kimya cha watu watano.

Waliufunga upande wa wanaume, wakafungulia maji yote, na mpaka alfajiri tulikuwa tunasikia brashi zinasugua juu yetu. Mjomba hakulala. "Mpwa, mtu umemharibia bwawa, halafu yeye ndiye anayekuomba radhi? Huyo anangoja mkubwa wake aje na bili."

Kifungua kinywa akakila kwa mashaka. Nagoya wana mkate wa kuchoma wenye siagi na maharage mekundu matamu yaliyopondwa, na kwa mtu aliyekulia mahamri na mbaazi za nazi, kile kilikuwa chakula cha kwao kilichoolewa mbali. Siku nyingine angekisifia mpaka shangazi aone wivu. Asubuhi ile alikula vipande vinne huku anatazama mlango. "Bwawa lile lina lita ngapi? Maji ya Japani lita bei gani?"

Tuliporudi chumbani tukakuta msuli mlangoni. Umefuliwa, umekaushwa, umepigwa pasi, umetiwa kwenye mfuko wa plastiki, na barua juu yake. Nikaielekezea simu. Uongozi ulisikitika sana kwamba maji yao yamefifisha rangi ya vazi la mgeni.

"Hiki ni kielelezo," mjomba akasema. "Wanatuonyesha ushahidi wanao."

Akavitoa vitana vyote kwenye begi, akavipanga kitandani kwa mafungu, ili kupunguza kesi. Kisha akatoa noti ya yen 5,000, akaibana chini ya kikombe. "Hii ya vijana waliosugua. Hata wakitukamata, hakimu ataona tulikuwa na nia njema."

Hoteli zile unalipa siku ya kuingia. Siku ya kuondoka unatumbukiza kadi ya chumba kwenye kisanduku, basi, kwaheri. Hilo likamtisha kuliko yote. "Hatudaiwi kitu? Tunatoka hivi hivi?" Akanishika mkono tukatoka kwa mwendo wa watu wasio na haraka, mwendo ambao askari yeyote angeutilia shaka.

Tulikuwa tumefika kwenye taa za kuvukia stesheni niliposikia viatu nyuma. Nikageuka. Kijana wa mchinjaji, suti nyeusi, tai imerushwa begani, anakuja mbio anapunga mkono.

"Ya bwawa hiyo," akasema mjomba. "Kimbia."

"Mjomba, tusikimbie, tutaonekana..."

Nilikuwa naongea peke yangu. Miguu ile iliyovimba, miguu iliyotupandisha bwawani saa tisa usiku, ilivuka barabara ya Nagoya na begi la kilo 23 ikaacha watu wa rika langu. Ikabidi nami nikimbie. Taa ikawa nyekundu, na kijana akasimama ng'ambo kuisubiri. Barabara ilikuwa tupu kabisa. Akasubiri. Nasi kwa ujinga tukasimama upande huu kumtazama, mjomba anahema, mpaka ikawa ya kijani akavuka.

Akainama. Kwa mikono miwili akampa mjomba bahasha safi, ndani yake ile yen 5,000, akaeleza kwa simu kwamba mheshimiwa amesahau fedha chumbani. Kisha akatoa mfuko. Vitana, vyote, kwa mafungu yale yale, navyo vilikuwa vimesahaulika.

Mjomba akaitazama bahasha. Akatazama vitana. Akafuta jasho kwa ncha ya shati.

"Hebu muulize," akaniambia, pumzi bado hazijamrudia. "Kile chumba kimeshachukuliwa?"