Soma Kama Ilivyoandikwa

Kisa kizima kilianzia kwenye neno moja dogo: ndugu. Mwaka uliotangulia, kwenye kongamano lilelile la watumishi, mshereheshaji alinikaribisha jukwaani kwa kusema, "Sasa tumsikilize ndugu yetu." Ndugu! Mimi! Nilihubiri siku ile kama mtu aliyekanyagwa kidole cha mguu, na kwenye maombi ya kufunga sikuitikia amina.

Kwa hiyo safari hii nilijiandaa. Usiku nikaketi na kalamu, nikauandika utambulisho wangu mwenyewe. Mchungaji Kiongozi. Mwangalizi Mkuu. Mtume wa Mataifa, ingawa pasipoti yangu haijawahi kugongwa muhuri. Mwasisi na Rais wa huduma ya kimataifa yenye watu watatu, yaani mimi, mke wangu na mpiga kinanda, na huyo mpiga kinanda alishaanza kuwa na udhuru nyingi. Halafu lile pambo lenyewe: Daktari. Udaktari huo nilitunukiwa na chuo ambacho sitakitaja, baada ya masomo sita na ada iliyolipwa kwa wakati. Ulikuwa udaktari wa heshima, lakini neno "heshima" likikaa mahali pale lina tabia ya kupunguza heshima.

Mke wangu akachungulia begani kwangu. "Baba watoto, huu ni utambulisho au wasifu wa marehemu?"

Sikumjibu. Wivu, nikasema moyoni.

Asubuhi nikamkabidhi mshereheshaji karatasi yangu. Alikuwa kijana mpole, mtiifu kupita kiasi. Nikamkazia macho: "Soma kila kitu kama kilivyoandikwa. Usiruke hata neno."

"Sawa, Baba."

Nilichosahau ni kwamba pembeni ya kila cheo nilikuwa nimemwandikia maelekezo, kwenye mabano.

Zamu yangu ikafika. Kijana akapanda, akakohoa kidogo, akaishika karatasi kwa mikono miwili kama anayesoma waraka kwa Wakorintho.

"Mchungaji Kiongozi, hapa punguza kasi. Mwangalizi Mkuu, hapa sauti ipande."

Sauti haikupanda. Nikadhani nimesikia vibaya.

"Mtume wa Mataifa, hapa nyamaza wapige makofi, wasipopiga anza wewe." Akaibana karatasi kwapani, akapiga makofi matatu, peke yake, kisha akaendelea kusoma. "Daktari wa Theolojia, neno 'wa heshima' usilitaje."

Huko nyuma mtu akapaliwa na maji. Nikainua mkono kumwashiria kijana akatishe. Akadhani ninampungia. Akanipungia.

"Muda ukibana, kata kwaya, usikate vyeo."

Wanakwaya wote, pamoja na mwalimu wao, wakanigeuzia shingo kwa mpigo mmoja, kwa umoja ambao sijawahi kuusikia kwenye nyimbo zao.

"Malizia taratibu: lakini yeye mwenyewe ni mnyenyekevu sana, hapendi kutajwatajwa. Hapa wote wasimame."

Na kweli walisimama, ila wengi walikuwa wameshikilia viti vya mbele yao wasianguke kwa kicheko.

Sasa, somo nililokuwa nimepangiwa na waandaaji, si kwa kupenda kwangu, lilikuwa Mathayo 23. Nikafungua Biblia na kuomba tusome pamoja, walau sauti yangu ijifiche ndani ya sauti zao. Tulipofika mstari wa 8, "Bali ninyi msiitwe Rabi," nikaona watu wanajikaza. Pale kwenye "nanyi nyote ni ndugu" hawakuweza tena. Lile neno la mwisho wanakwaya walilivuta kwa sauti zote nne.

Mfano niliouandaa ulikuwa wa Gregori Mkuu, Papa wa Roma tangu 590 hadi 604. Askofu wa Konstantinopoli alipojiita patriaki wa ulimwengu wote, Gregori alimpinga kwa barua. Na askofu wa Aleksandria alipomwandikia Gregori mwenyewe kwa cheo cha aina hiyohiyo, akamsihi asirudie. Yeye alijiita mtumishi wa watumishi wa Mungu. Nyumbani mfano huo ulinipendeza mno. Jukwaani ukageuka hati ya mashtaka, na mshtakiwa ndiye anayeisoma. Nikakimbilia kwa Paulo nikitafuta nafuu, nikafungua Warumi, na kumbe hata mstari wa kwanza haujaisha, "mtumwa" limeshalitangulia "mtume".

"Enhe," akaguna mzee mmoja wa safu ya mbele.

Mahubiri ya dakika arobaini yaliisha kwa dakika kumi na tano. Nikashuka, nikakipita kile kiti cha mbele chenye kitambaa cheupe, nikaenda kukaa nyuma kabisa. Baadaye mtu alinisifu kwamba nimeishi Luka 14, pale Yesu anapomwambia mwalikwa akaketi mahali pa nyuma, mbele ya macho yao. Ukweli ni kwamba kiti kile cha nyuma ndicho kilichokuwa karibu na mlango.

Nilikuwa napima hatua za kutokea nje pale kijana wangu aliponifuata, karatasi mkononi, uso umejaa majuto hata nikamhurumia. Akainama sikioni mwangu.

"Baba, naomba unisamehe. Nimegundua sasa hivi kwamba karatasi ina upande wa pili."