Mlonge na vidonda vya tumbo: kinachoponya ni unga au masharti?

Ukisema unaumwa vidonda vya tumbo Mwanza hii, hujamaliza hata sentensi mtu ashakwambia tafuta mlonge. Iwe Igoma, iwe Mwaloni Kirumba, unga wa majani upo, mbegu zipo, na muuzaji ana shuhuda kibao. Madaktari nao wanasema hiyo ni mboga tu, acha kuchezea afya yako. Mi naona kila upande kuna kitu unakikwepa.

Wa mlonge sio kwamba wanadanganya moja kwa moja. Maabara panya walionyweshwa dawa ya majani ya mlonge afu wakapewa aspirini ili wapate vidonda, walipata vichache kuliko wenzao, ila panya ni panya, na kidonda cha kutengenezwa maabara sio hicho chako cha miaka mitano. Kwa binadamu vidonda vingi vinatokana na vitu viwili, bakteria anaitwa Helicobacter pylori na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini. Daktari Barry Marshall wa Australia alimnywa huyo bakteria makusudi mwaka 1984 ili wabishi waamini, na 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa tuzo ya Nobel.

Sasa hapa ndo pananoga. Muuzaji hakupi unga peke yake, anakupa na masharti: acha pombe, acha sigara, acha pilipili, na usimeze vidonge vya hospitali ukiwa kwenye dozi yake. Bodaboda aliyezoea diklofenaki kila jioni kwa ajili ya mgongo akitii hilo la mwisho tumbo linaanza kupona lenyewe, maana kaondoa kilichokuwa kinamchimba, sifa zote anabeba mlonge. Sharti hilohilo kwa mwenye bakteria ni balaa, anakatisha antibayotiki katikati, bakteria anabaki na anaweza kuwa sugu. Na vidonda vina tabia ya kutulia na kurudi vyenyewe, chochote ulichokuwa unakunywa wiki vimetulia utaapa ndo kimekuponya.

Lakini hospitali nazo zina lao. Dozi ya bakteria mara nyingi ni siku 14, omeprazo ya kupunguza asidi na antibayotiki mbili, mdomo unakuwa mchungu kama umelamba chuma, na wengi wanaandikiwa bila kuambiwa hayo. Kibaya zaidi kuna vituo vinarudia kupima damu baada ya dozi, wakati kipimo kile kinaangalia askari wa mwili wanaopambana na bakteria, sio bakteria mwenyewe, na askari wanabaki kwenye damu miezi mingi hata bakteria akishakufa, mgonjwa anaambiwa bado unao, dozi ya pili, ya tatu, mwisho anachoka anahamia kwa mlonge (huyo mi simlaumu kabisa jamani). Kipimo cha kudai ni cha choo kinachomtafuta bakteria mwenyewe, wiki 4 au zaidi baada ya antibayotiki, na omeprazo uwe umeiacha wiki 2.

Majani ya mlonge kama mboga we kula tu. Mizizi na magome achana nayo, hasa mjamzito, na mwenye kisukari anayemeza dawa amwambie daktari kwanza maana unga unaweza kuishusha sukari ikapitiliza. Ila choo kikiwa cheusi kama lami au ukatapika damu, hapo hakuna unga wala masharti, ita bajaji uende hospitali usiku huohuo.