Wimbo wa kuswaki wanaujua, mswaki ndo hawana

Kila ikifika tarehe 20 Machi, Siku ya Afya ya Kinywa Duniani, kuna shule za msingi zinapata wageni, wanakuja na lile taya kubwa la plastiki, wanaonyesha juu chini juu chini, watoto wanaimba, picha zinapigwa, wageni wanaondoka. Muulize mtoto wa darasa la pili anaswaki mara ngapi, atakujibu fasta "mara mbili kwa siku". Haya, muulize mswaki wake uko wapi.

Sasa kuna wanaosema shule ifundishe tu, kuswaki kwenyewe ni kazi ya nyumbani. Na kuna wanaotaka watoto waswaki hapohapo shuleni kila siku kwa dawa ya meno yenye floraidi, yale madini yanayosaidia meno yasioze, na hawa ndo wanachekwa, eti wanataka kugeuza shule chekechea.

Wa kwanza wana hoja, nisiwaonee. Mwalimu ana watoto mia darasani, ana zamu, ana madaftari ya kusahihisha, leo umuongezee miswaki? Maji yenyewe shule nyingine mtoto anakuja nayo kwenye kidumu. Na kule Arusha, hasa upande wa Meru, maji ya kunywa yana floraidi imezidi mpaka watu wanakua na meno ya kahawia, mzazi wa kule ukimwambia unaleta floraidi nyingine lazima ashtuke. Ila ya kwenye maji inamezwa kutwa nzima, hii unaweka kiasi cha punje ya njegere, mtoto anaswaki anatema. Anatema tu, hatakiwi hata kusukutua na maji mengi, kwa hiyo hata ile hoja ya maji inapungua nguvu.

Mimi kinachoninyima usingizi ni gego la miaka sita. Linachomoza nyuma kabisa ya meno ya utoto, hakuna jino linalong'oka kulipisha, linakuja kimyakimya, mzazi hajui kama lipo na akiliona anadhani nalo ni la utoto, litatoka lije lingine. Haliji lingine, ndo la kudumu hilo! Na angalia linatoka lini, kipindi kilekile mtoto anaanza darasa la kwanza na kuanza kupewa mia mbili ya ubuyu na barafu pale getini. Juu lina vijibonde vinavyonasa chakula, na likiwa bado linapanda linakuwa chini kuliko wenzake, mswaki unalipita tu, kama mswaki wenyewe upo. Baada ya miaka michache limetoboka, usiku mtoto analia anawekewa karafuu, asubuhi yuko darasani kashika shavu (hapo mfundishe hesabu uone), na mwisho linang'olewa, maana kuziba ni gharama na wa kuziba yuko mbali. Ajabu ni kwamba ile njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono, bila mashine wala umeme, ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 ikasambaa duniani, halafu vijijini kwetu bado jibu la jino bovu ni koleo.

Mwaka 2021 WHO waliiingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yao ya dawa muhimu, yaani orodha moja na parasetamo na dawa za malaria. Malaria hatuitibu kwa wimbo. Ufilipino kuna shule za serikali watoto wananawa mikono na kuswaki kwa makundi kila siku, hawakusubiri masinki, na Uskoti pamoja na utajiri wao chekechea wanaswakishwa wakisimamiwa.

Hoja ambayo kwangu ni nzito kweli ni nani ananunua. Mradi wa wafadhili unakuja miaka miwili, miswaki inachakaa, habari imeisha. Michango nayo tangu elimu bila ada ya 2016 ni vita. Sasa kama hela ni ndogo msianze na shule nzima, anzeni na darasa la kwanza na la pili, hao ndo gego lao linatoka sasa hivi. Dakika tano baada ya uji, wakiwa bado mstarini, mwalimu wa zamu anapita na tyubu moja. Na wale wageni wa Machi wakija na taya lao, wawaite wazazi wawaonyeshe lile la nyuma kabisa.