Sekunde 35 za Kuduwaa

Januari 15, 2009, ndege ya US Airways iligonga kundi la bata bukini muda mfupi baada ya kuruka kutoka LaGuardia, New York. Injini zote mbili zikaishiwa nguvu. Rubani Chesley Sullenberger akaitua kwenye mto Hudson, na watu wote 155 wakapona. Baadaye wachunguzi waliwapa marubani wengine tukio hilohilo ndani ya simuleta, yaani mashine ya mafunzo inayoigiza urukaji wa ndege, na baadhi yao wakafanikiwa kurudi uwanjani. Kumbe mto haukuwa lazima? La. Hao walijua kinachokuja, wakageuza ndege papo hapo. Ilipoongezwa sekunde 35, muda wa mtu kuduwaa, kukagua na kuamua, ndege haikufika.

Wanaopigania simuleta za gharama kubwa, zenye kuyumba na picha kali, wana hoja: mwili nao hujifunza. Kutua na upepo wa ubavuni hakufundishiki kwa mdomo. Lakini kuamua ni jambo jingine, na halihitaji mashine ya kifahari. Simuleta ya awali ya Mmarekani Edwin Link, ya mwishoni mwa miaka ya 1920, ilikuwa kisanduku cha mbao kilichosukumwa na viriba vya hewa. Mwanafunzi alifunikwa humo, haoni nje, anategemea mishale ya vipimo tu, sawasawa na aliye ndani ya wingu. Maelfu ya marubani wa Vita Kuu ya Pili walipitia humo.

Na uhalisia wa nusunusu ni hatari kuliko kisanduku. Novemba 12, 2001, ndege ya American Airlines ilianguka Queens, watu 265 wakafa. Rubani msaidizi, baada ya kukutana na msukosuko wa hewa ulioachwa na ndege iliyotangulia, alikanyaga pedali za usukani wa mkia kwa nguvu, kulia na kushoto, hadi mkia ukang'oka. Wachunguzi walitaja pia mafunzo ya shirika kama sababu iliyochangia: zoezi la simuleta lilikuza mno msukosuko wa aina hiyo. Mashine ilishawishi vizuri, ikafundisha vibaya.

Kwa hiyo fedha ya skrini nyingine ningempa mwalimu anayetunga mazoezi. Injini kuzimika wakati wa kuruka ni mtihani unaojulikana. Rubani huingia mguu ukiwa tayari kwenye pedali. Mwalimu atunge hitilafu zinazokuja kwa wakati mbaya, vipimo vinavyopingana, na siku nyingine kusitokee chochote, mwanafunzi atue akiwa bado anasubiri.